Fundi Mzee Anajibu: Peugeot ya Marehemu Baba, Niifufue au Niipimishe kwa Kilo?

SWALI: Mzee, pokea salamu kutoka Kakamega. Baba yetu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alituachia Peugeot 504 ya mwaka 1982, ile stesheni-wagoni ya safu tatu za viti. Mara ya mwisho ilitembea 2009, akaiegesha chini ya mwembe. Baba alifariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo wanaoingia ndani ni kuku tu, hutagia nyuma. Kaka zangu wamepata mtu wa vyuma chakavu wa kuichukua kwa shilingi 45,000. Fundi mmoja wa Kisumu anasema ataifufua yote kwa 480,000, aanze na injini, ila nimtumie nusu ya pesa kwanza. Mwingine ananiambia nisijisumbue, eti petroli ya siku hizi itaiua. Nina akiba ya 200,000 hivi. Nifanyeje?
– Binti wa Mwalimu, Kakamega

Kabla sijashika kalamu, ikaingia nyingine:

Mzee, najua dada yangu amekuandikia. Mwambie kuku nao wanahitaji nyumba.
– Kaka Mtu, Nakuru

JIBU: Binti yangu, huyo wa petroli tumalizane naye upesi. Hofu yake ni kwamba injini za zamani zilizoea petroli yenye risasi (ledi), na ya siku hizi haina. Hiyo yenye risasi iliondoka vituoni mwetu mwisho wa 2005. Baba yako aliendesha hadi 2009. Kwa hiyo injini yenu imekwisha kunywa hiyo "petroli ya siku hizi" miaka mitatu na zaidi, na haikufa. Iliegeshwa.

Sasa huyo wa Kisumu. Simjui na sina ugomvi naye, lakini neno "injini kwanza" limenirusha roho. Mwaka 1996 nilinunua Peugeot 404 huko Njoro. Ilifika gereji kwangu ikijiendesha yenyewe, bodi safi, inavuta moshi kidogo tu. Nikaifungua siku hiyohiyo. Hedi (kifuniko cha juu cha injini) nikaipeleka ikasawazishwe, milango nikaivua nipake rangi, bolti nikazipanga kwenye makopo ya Kimbo. Ikaja karo ya watoto. Ikaja mvua. Ikaja kazi ya wateja wenye haraka. Mwaka 2003 niliipimisha kwa kilo, na yale makopo yakaenda vilevile, hayajafunguliwa. Mimi ni fundi, gari lilikuwa langu, na bado nililiua kwa spana. Wewe una 200,000, unaambiwa utume 240,000 ili gari lifunguliwe. Likishafunguliwa huna la kusema tena. Utakuwa unatuma tu.

Injini ya 504 ndiyo sehemu ya mwisho ya kukutia hofu. Slivu zake (mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka) ni za kuchomoa: silinda zikiliwa, unabadilisha slivu na pistoni, bloku inabaki ileile. Spea bado zinapatikana Grogan kule Nairobi, kwa sababu 504 ziliendelea kuunganishwa hapa Kenya miaka mingi baada ya Ulaya kuacha kuunda saluni na wagoni zake mwaka 1983, na pikapu zake zilizagaa kila kona. Ninachokuogopeshea ni chini. 504 haina chasi ya kuvua ukaweka nyingine kama Land Rover. Bodi ndiyo chasi. Kutu ikila bodi, imekula gari.

Kwa hiyo usimlipe mtu kufungua kitu. Mlipe fundi wa bodi (si wa injini, na si yule atakayeifanya kazi yenyewe) siku moja ya kulala chini ya gari akiwa na bisbisi, nyundo ndogo na sumaku. Achome kwa bisbisi pale springi za nyuma zinapokaa. Wagoni hubeba mzigo wote hapo. Achome vizingiti chini ya milango, urefu wote, na pale jeki inaposhikia. Afungue boneti aangalie mbele, kule juu springi zinakoegemea. Sumaku ni ya kumkamata baba yako: isiposhika, chini ya rangi kuna puti (lipu ya kuziba matundu ya bodi), maana yake paliwahi kutoboka pakafichwa. Sakafu ya miguuni ikitoboka usilie, hiyo ni bati na welda wa hapo Kakamega ataiziba. Lakini bisbisi ikizama kwenye vikalio vya springi za nyuma pande zote mbili, na vizingiti navyo vikawa biskuti, basi, mwanangu, iache. Nimewahi kumchomelea mteja gari la namna hiyo. Nilikula pesa yake mwaka mzima, na milango haikufunga sawa hata siku moja.

Kama chini hakujaliwa na kutu, mwamshe mzee huyo polepole. Betri isiguswe kwanza. Toa plagi nne, mimina oili nyepesi kidogo kila silinda, acha wiki nzima, kisha zungusha kwa mkono ukitumia spana kwenye puli ya mbele. Ikizunguka, umeokoa pesa nyingi. Isipozunguka, rudia, wala usikubali mtu aivute kwa trekta. Tanki litolewe lioshwe, kwa kuwa petroli ya 2009 sasa ni gundi, na kabureta isafishwe kabla haijaonja petroli mpya. Breki zote ni mpya, raba na paipu, bila mjadala. Na fundi yeyote akitoa hedi, muulize kama amezibana slivu kabla ya kuzungusha injini. Akikutumbulia macho, mlipe nauli aende. Slivu zikicheza, maji yanashuka kwenye oili, na hapo ndipo 480,000 huanza kuonekana ndogo.

Rangi? Usipake. Najua utatamani. Rangi ndiyo inayokula akiba ya watu, tena huja mapema kwa vile ndiyo inayoonekana. Gari linalotembea na rangi iliyopauka lina mwenyewe. Linalong'aa na halina breki ni pambo la uani.

Watakuja pia wa kukuambia kuwa ni dhahabu, gari la Safari Rally. Ni kweli 504 ilishinda: Ove Andersson mwaka 1975, Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978. Lakini ya Andersson ilikuwa saluni, ya Nicolas kupe (ya milango miwili) ya V6. Yenu ni wagoni, ndugu ya zile zilizotubeba Nakuru hadi Nairobi tumebanana, dereva akiwa bado anaita mmoja wa mwisho. Mimi naipenda hiyo kuliko kupe. Ila hutaiuza kwa pesa utakayoitia, kwa hiyo itie kiasi ambacho hutakidai.

Sasa wewe, Kaka Mtu. Hizo 45,000 huwezi kuzipokea kihalali. Logibuku ina jina la marehemu, na Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inakataza mtu kugusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Anzeni na barua ya chifu, nendeni kortini mpate msimamizi wa mirathi. Hapo tu ndipo NTSA (mamlaka ya usafiri barabarani) watabadilisha jina, liwe la dada au la mnunuzi. Mfanyabiashara wa vyuma chakavu mwenye leseni atauliza karatasi. Asiyeuliza, muulizeni yeye anazo zipi. Na hata mkikubaliana wote kuwa gari limekwisha, msilitoe kwa kilo. Milango, vioo, difu, gia, viti vya safu ya tatu: kila kimoja kina mtu wa 504 anayekitafuta, na vikiuzwa kimoja kimoja, jumla yake inaweza kupita hizo 45,000.

Ukweli ni kwamba karatasi zitachukua miezi, na miezi hiyo haigharimu gari chochote ikiwa limeinuliwa juu ya mawe na mabati juu yake. Kwa hiyo hakuna wa kumkimbiza mwenzake.

Isipokuwa kuku. Kinyesi cha kuku kikilowa hula bati kuliko mvua, na wagoni ina sakafu ndefu. Kaka Mtu, hilo nakupa wewe: wajengee banda wikendi hii, uzoe kila kitu nyuma, uoshe kwa maji mengi na uache milango wazi pakauke. Tazama pia chini ya kiti cha katikati. Nimekutana na mayai ya mwaka mzima mahali pale, na hakuna fundi wa bodi atakayekubali kulala chini yake.