Nimodipini inazuia asubuhi, alasiri inagoma: tatizo liko wapi?

Swali: Nasomea uzamili hapa Nairobi. Napima mkondo wa kalsiamu (umeme unaobebwa na kalsiamu inapoingia kwenye seli) kwa pachi-klempu, mbinu ya kupima umeme wa seli moja kwa pipeti ya kioo, katika nyuroni zilizotenganishwa kutoka hipokampasi (sehemu ya ubongo) ya panya, huku nikizishikilia kwenye milivolti -80. Nimodipini (dawa inayoziba chaneli za kalsiamu, milango ya kalsiamu kwenye seli) ya mikromola 10 hupunguza mkondo kwa karibu theluthi moja asubuhi, lakini ikifika saa tisa alasiri haipunguzi hata asilimia kumi. Je, nimeuziwa dawa duni? Na je, hii ndiyo sababu isradipini, dawa ya kundi hilo hilo, haikuwafaa wagonjwa wa Parkinson?

Jibu: Usiitupe dawa bado. Theluthi ya asubuhi haina ajabu: nyuroni hizo zina pia chaneli za aina ya N, P/Q na R, na nimodipini inalenga za aina ya L. Cha kuchunguza ni alasiri.

Mshukiwa wa kwanza ni mwanga. Dawa za kundi la dihidropiridini huharibiwa na mwanga, nifedipini ikiongoza, na nimodipini nayo haiponi ikikaa mezani karibu na dirisha tangu asubuhi. Funika chupa, bomba na sirinji kwa karatasi ya alumini, na ufanye kazi chini ya taa nyekundu. Ukipima kalsiamu kwa Fura-2, rangi inayong'aa kulingana na kalsiamu, kumbuka kwamba mwanga wa nanomita 340 na 380 unaotoka kwenye darubini yenyewe unaiunguza dawa.

Mshukiwa wa pili ni maji. Nimodipini haiyeyuki vizuri majini. Kwa mikromola 10 inaweza kuanza kujitenga polepole, na nyingine hunata kwenye mabomba ya silikoni. Yeyusha miligramu 4.18 katika mililita 1 ya DMSO (kiyeyushi) upate milimola 10, ugawe katika vichupa vidogo, uhifadhi kwenye friza gizani. Wakati wa kupima, changanya mikrolita 1 kwa kila mililita ya mmumunyo na uutumie ndani ya saa moja au mbili. DMSO itakuwa asilimia 0.1, kiasi hicho hicho kiwemo kwenye mmumunyo wa kulinganishia. Tumia bomba la tefloni.

Kisha hakikisha kwamba mkondo haufifii wenyewe, maana mkondo wa L una tabia hiyo. Weka ATP ya magnesiamu milimola 4 na GTP milimola 0.3 (kemikali za nishati ya seli) ndani ya pipeti, piga mpigo mmoja wa volteji kila sekunde 20, na usilete dawa kabla mstari wa mkondo haujatulia kwa dakika tano. Bila hivyo utaipa dawa sifa ambayo si yake.

Lakini hata dawa mpya kabisa haitaonyesha nguvu yake yote kwenye -80. Dihidropiridini hushika zaidi chaneli iliyokwisha kujifunga baada ya kufunguka, na chaneli za hali hiyo ni chache kwenye volteji hasi sana. Rudia jaribio ukishikilia -60, kwa mpigo ule ule wa kwenda 0, na uripoti namba zote mbili. Usikimbilie -40: hapo chaneli za T (aina nyingine ya chaneli za kalsiamu) zimezimika, hata sehemu ya zile za N, na mchango wa L utaonekana mkubwa kupita kiasi.

Ili kujua kilichobaki ni nini, ongeza omega-konotoksini GVIA mikromola 1 (sumu inayoziba N), kisha omega-agatoksini IVA nanomola 200 (inayoziba P/Q), na umalizie kwa kadmiamu mikromola 200, inayoziba karibu zote. Sumu hizi ni protini ndogo zinazonata kwenye plastiki, kwa hiyo tia albumini asilimia 0.1. GVIA haioshwi ikatoka: seli moja, jaribio moja. Ukitumia bariamu badala ya kalsiamu, ondoa salfeti, fosfeti na bikaboneti, la sivyo utaona weupe chini ya chupa.

Kuna na jambo la Nairobi. Hapa juu, kwenye mita 1,700 hivi, shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la pwani, kwa hiyo gesi yenye kaboni dioksaidi asilimia 5 inaleta kaboni dioksaidi pungufu. Mmumunyo wa kuhifadhia vipande vya ubongo wenye bikaboneti milimola 26 hupanda pH kwa karibu 0.1. Pima pH gesi ikiendelea kutoka. Ukihitaji, shusha bikaboneti hadi 21 na ufidie kwa chumvi ya kawaida.

Kuhusu Parkinson, hipokampasi haiwezi kukujibu. Nyuroni za dopamini za substansia nigra (eneo la ubongo linaloharibiwa na Parkinson) hutegemea sana Cav1.3, chaneli ya aina ya L inayofunguka kwenye volteji hasi zaidi na inayohitaji dihidropiridini nyingi kuliko Cav1.2, ambayo nayo ni ya L. Jaribio la STEADY-PD III, lililochapishwa mwaka 2020, liliwapa watu 336 isradipini miligramu 10 kwa siku au dawa bandia kwa miezi 36, na ugonjwa haukupunguza mwendo. Dozi haikuweza kupandishwa sana kwa sababu Cav1.2 iko kwenye mishipa ya damu: miguu huvimba na kizunguzungu huanza. Kwa hiyo matokeo hayo yanaihukumu dozi ile. Kama Cav1.3 ya ubongo ilizibwa vya kutosha, hayasemi.