Re: Nani hasa aligundua seli, Hooke au Leeuwenhoek?

Mdogo wangu, umeuliza nani hasa aligundua seli maana mwalimu wako anamtaja mmoja na kitabu kinamtaja mwingine. Wote wako sawa, Hooke na Leeuwenhoek kila mtu ana chake. Hooke, Mwingereza, mwaka 1665 alikata kipande chembamba cha gome lile la kutengenezea vizibo vya chupa, akakiangalia kwa hadubini akaona vyumba vidogo vidogo vimepangana kama sega, na sisi wa Tabora sega la asali hatuhitaji kuelezwa, basi ndo akaviita seli yani vyumba. Ila vilikuwa vitupu, zimebaki kuta tu, seli zenyewe zishakufa. Leeuwenhoek wa Uholanzi, muuza vitambaa aliyekuwa anasaga lenzi mwenyewe, ndo kwenye miaka ya 1670 akaona vidudu vya seli moja vikiogelea kwenye maji ya ziwa, vizima kabisa!

Kusema mimea na wanyama wote wameumbwa kwa seli ni baadaye sana, wanasayansi wa Kijerumani, Schleiden 1838 kwa mimea na Schwann 1839 kwa wanyama.

Kama shuleni kuna hadubini, bandua ile ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, iweke tone la aidini. Utaona vyumba vimebanana kama matofali na kila kimoja kina kidoa cha njano iliyokolea, hicho ndo kiini cha seli. Mimi nilivyokiona mara ya kwanza nilikataa kumpisha mwenzangu.