Kabla Hujatuma Hadithi Yako, Soma Mpaka Chini

Wiki iliyopita hadithi yangu ilikubaliwa na jarida moja baada ya kukataliwa na majarida tisa. Usiku ule sikulala. Niliisoma barua pepe ya mhariri mara tano, mara sita, nikitafuta neno "lakini" nisilione. Asubuhi nikawaeleza rafiki zangu, na kabla jua halijatua nikapata ujumbe wa dada mmoja ambaye hunisoma: "Hongera sana kaka. Hizi nafasi huwa unazitoa wapi? Mimi huzisikia zikishapita."

Huzisikia zikishapita. Maneno hayo yamenikaa moyoni, maana nami niliishi hivyo kwa miaka mitatu mizima. Nilikuwa nasubiri viungo kwenye makundi ya WhatsApp. Kiungo kinaingia leo, mwisho wa kutuma ni keshokutwa. Naandika usiku kucha, natuma saa tano na dakika hamsini, halafu nakaa miezi nikingoja jibu kwa hadithi ambayo hata mimi mwenyewe sijaisoma mara ya pili. Nikishindwa naamini washindi walikuwa na watu wao ndani.

Na katika haraka hiyo ndimo nilimopoteza hadithi ya bibi yangu.

Nilikuwa nimeiandika taratibu, kwa miezi minne, baada ya bibi kufariki. Ilihusu mikono yake, jinsi alivyokuwa akikunja kanga na kufunga fundo moja dogo pembeni, na ndani ya fundo kuna hela ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwona akiihesabu. Nikaona bango la shindano kwenye simu. Zawadi nono, mada huru, tuma kwa barua pepe. Nikatuma siku ileile. Sikushinda, nikanyamaza.

Mwaka uliofuata rafiki yangu akanitumia picha ya ukurasa wa kitabu. Ilikuwa hadithi yangu, imo kwenye mkusanyiko unaouzwa. Jina la hadithi wamelibadilisha. Aya ya mwisho, ile ambayo fundo linafunguliwa, wameikata. Nikawaandikia waandaaji kwa hasira, wakanijibu kwa mstari mmoja: rejea sharti namba saba. Nikarejea. Lilikuwepo tangu mwanzo, chini kabisa ya ukurasa ambao nilikuwa sijaufungua: kwa kuwasilisha kazi yake, mshiriki anakabidhi haki zote za kazi hiyo kwa waandaaji, bila malipo. Si mshindi. Mshiriki. Kila aliyetuma.

Miaka imepita na bado inaniuma. Siwezi kuiuza hadithi ile mahali pengine. Siwezi hata kuipeleka kwenye tuzo zinazotaka kazi ambayo haijachapishwa, kwa sababu tayari imechapishwa, tena imekatwa mkia. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mimi sikuinama. Kwa hiyo, dada yangu, kabla sijakuonyesha nafasi ziko wapi, nakuomba unipe ahadi moja: utasoma masharti mpaka chini. Utafute neno "haki". Jarida la heshima huomba haki ya kuchapisha kwa mara ya kwanza, au haki ya kuiweka mtandaoni kwa muda fulani, kisha kazi inabaki yako. Anayetaka haki zote za kila aliyeshiriki, muda wote, kila mahali, huyo anakusanya vitabu vya bure. Achana naye hata zawadi yake ikiwa gari.

Sasa nafasi. Tuzo kubwa hazitokei ghafla kama mvua ya kiangazi. Zina misimu yake, na ukishaujua msimu huhitaji kusubiri kiungo cha mtu. Chukua Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, ambayo huandaliwa na Commonwealth Foundation. Ilianza mwaka 2012, na kwa miaka mingi dirisha lake limekuwa likifunguliwa Septemba na kufungwa mwanzoni mwa Novemba. Kushiriki ni bure. Hadithi iwe na maneno kati ya 2,000 na 5,000, iwe haijachapishwa popote, na mwandishi awe raia wa nchi ya Jumuiya mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Jambo ambalo wengi wetu hatulijui: hadithi ya Kiswahili inapokelewa kwa Kiswahili. Nimekutana na waandishi wazuri waliojizuia miaka kwa kudhani lazima watafsiri kwanza. Majina ya waandishi majaji hawayaoni, kwa hiyo usiliweke jina lako ndani ya hadithi. Nasema hivi kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nililiandika juu ya kila ukurasa, kwa herufi kubwa.

Ukiwa na mswada mrefu wa Kiswahili, kuna tuzo iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Hii ni yetu kabisa. Inatambua riwaya na ushairi, na hupokea miswada ambayo haijachapishwa pamoja na vitabu vilivyotoka ndani ya miaka miwili. Kwa Watanzania kuna pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyozinduliwa mwaka 2022, washindi wake wa kwanza wakatangazwa Aprili 2023. Miswada hiyo haiandikwi kwa siku mbili. Mtu anayesubiri tangazo ndipo aanze riwaya amechelewa kwa mwaka mzima.

Kwenye majarida nina neno la kusema, maana huko ndiko nilikodharau kwa muda mrefu. Nilitaka tuzo, nikaona majarida madogo ya mtandaoni ni kupoteza muda. Kumbe ni ngazi. Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za waandishi wa Kiafrika, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, kwa desturi yake haipokei hadithi kutoka mkononi mwa mwandishi. Hadithi lazima iwe imechapishwa kwanza, na mchapishaji ndiye anayeiwasilisha. Mwandishi wa Kenya, Binyavanga Wainaina, alipoishinda mwaka 2002, kazi yake ilikuwa imetoka kwenye jarida la mtandaoni. Mwaka uliofuata akashirikiana na wenzake kuanzisha jarida la Kwani? jijini Nairobi, nalo likawafungulia mlango waandishi ambao hakuna aliyekuwa akiwajua. Mwaka 2013 kundi jingine la vijana likaanzisha Jalada, wakachapisha kazi kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Ukitazama majarida kwa jicho hilo huulizi tena "wananilipa nini?" peke yake. Unauliza pia nani anasoma pale, na jarida lile huwasilisha kazi za waandishi wake kwenye tuzo gani.

Njia ninayoitumia mwenyewe kuyapata ni hii. Nachukua mwandishi ninayempenda, aliyenitangulia hatua mbili tatu, siyo ishirini. Nasoma wasifu wake mfupi mwisho wa hadithi, zile sentensi za "kazi zake zimetoka katika..." Kila jarida linalotajwa nalitafuta, nasoma matoleo mawili, kisha naenda kwenye ukurasa wake wa miongozo ya kutuma kazi. Wasifu kumi wa namna hiyo ulinipa majarida 23 kwa mwezi mmoja, na hakuna kundi la WhatsApp lililowahi kunipa hata nusu yake. Kwa wanaoandika Kiingereza pia, tovuti ya The Submission Grinder ni bure na inaonyesha jarida lipi liko wazi na huchukua siku ngapi kujibu. Duotrope hufanya kazi kama hiyo, ila hulipiwa.

Matamasha niliyaelewa vibaya kuliko vyote. Nilidhani unaomba kupanda jukwaani. Jukwaani huitwa wenye vitabu, na mara nyingi wachapishaji wao ndio waliowapendekeza. Mlango wa mwandishi asiye na kitabu ni warsha zinazofanyika pembeni ya tamasha, usomaji wa mashairi ulio wazi kwa wote, na kazi za kujitolea. Tazama programu ya mwaka jana, utaona ni sehemu gani ilikuwa na fomu ya maombi. Mimi nilipata mhariri wangu wa kwanza kwenye warsha ya siku mbili, siyo kwenye hotuba ya ufunguzi.

Kuhusu ada ya kushiriki, msimamo wangu haubadiliki: silipi. Najua kuna mashindano halali yanayotoza. Lakini mwandishi anayeanza akizoea kulipa ili asomwe, hataijua tena tofauti kati ya shindano na mtego. Fedha itoke kwao ije kwako.

Nina daftari la mistari. Safu ya kwanza jina la hadithi, ya pili nilikoituma, ya tatu tarehe, ya nne jibu, ya tano nimeandika tu "pamoja?" Hapo naweka ndiyo au hapana: je, jarida hili linaruhusu hadithi iwe imetumwa kwingine wakati huohuo? Wengi wanaruhusu kwa sharti kwamba ukikubaliwa mahali uwaarifu wengine mara moja. Hadithi iliyokubaliwa wiki iliyopita imejaza mistari kumi. Mstari wa nne umeandikwa "hapana, lakini mwisho umempendeza". Huo ndio ulionifanya nisiuguse mwisho, nikaandika mwanzo upya mara tatu.

Ndugu zangu, tuache kulia kwamba milango imefungwa huku mkononi hatuna hadithi iliyokamilika. Nimeyasikia malalamiko hayo kwenye kila kundi nililomo, na niliyasema mimi kabla yenu. Uwe na hadithi mbili zilizotulia, zilizosomwa na mtu asiyekuogopa, kabla tangazo halijatoka. Hapo tarehe ya mwisho haitakutisha.

Yule dada nilimjibu kwa swali badala ya kiungo: hadithi yako ina maneno mangapi? Alikaa kimya siku mbili. Kisha akajibu, 5,640, na kwamba hakuna hata sentensi moja anayoweza kuitoa. Nikamwandikia 5,000 ndiyo mpaka, na Septemba bado iko mbali. Jana usiku akanitumia ujumbe mwingine, hauna salamu wala maneno, una tarakimu tu: 5,212.