Maswali na Majibu ya Sataranji: Askari wa Bure pale e5

SWALI: Nilikuwa na kete nyeupe. Nilianza na askari e4 (herufi na namba hutaja nyumba ubaoni), mwenzangu akajibu e5. Nikatoa farasi f3, naye farasi c6. Nikampeleka askofu c4. Hapo akamrusha farasi wake hadi d4, akamwacha askari wa e5 bila mlinzi. Nikamla kwa farasi. Malkia wake akaja g5, na hatua tatu baadaye nikafungwa. Nilikosea wapi?

JIBU: Kumla e5 kulikuletea taabu, lakini kilichokumaliza ni hatua iliyofuata. Malkia wa g5 alitishia farasi wako pamoja na askari wa g2. Bila shaka ukampeleka farasi f7, maana pale anawinda malkia na ngome ya h8 kwa mpigo. Ndio mtego wenyewe! Malkia anakula g2, ngome yako inakimbilia f1, malkia anakula e4 na kumshambulia mfalme, unakinga kwa askofu e2, kisha farasi anatua f3: kwisha. Askofu hawezi kumla farasi huyo kwa kuwa amebanwa kati ya malkia na mfalme, na mfalme amezibwa na kete zake mwenyewe. Ungekinga kwa malkia, farasi angemla.

Badala yake, kula f7 kwa askofu. Analindwa na farasi wa e5, hivyo mfalme mweusi lazima asogee, na hataweza tena kujificha, yaani ile hatua moja ya mfalme na ngome kwa pamoja. Wewe mfiche wako g1. Malkia akila e5, kula farasi wa g8, ngome italipiza. Umepungukiwa kete kubwa moja, nawe umepata askari wawili, ila sasa unasukuma c3 kumfukuza farasi, kisha d4 unamsumbua malkia. Mchezo bado upo.

Lililo bora kabisa ni kutomgusa e5. Kula farasi wa d4 kwa farasi wako. Askari akishalipiza, mfiche mfalme, cheza d3, halafu c3. Mweusi amepoteza hatua mbili kwa farasi ambaye hayupo tena.

SWALI: Nilishika ngome kwanza nikitaka kumficha mfalme. Mpinzani akakataa. Ana haki?

JIBU: Anayo. Kwa kanuni za FIDE, shirikisho la kimataifa la sataranji, anaanza mfalme, nyumba mbili kuelekea ngome. Ukigusa ngome kwanza, unalazimika kuicheza kama ina hatua halali, na ikishasogea hutamficha mfalme upande huo mpaka mchezo uishe.