Klabu ni ya nani? Majibu ya maswali yenu kuhusu hisa, madeni na usajili

Maswali ya safari hii yamekuwa ya pesa zaidi kuliko ya mpira wenyewe, na nimefurahi. Shabiki anayejua kura za klabu yake ziko mikononi mwa nani ni mgumu kudanganywa.

Naishabikia Manchester United tangu shule ya msingi. Kila siku nasikia klabu inadaiwa. Mbona wenye timu ni matajiri? (Msomaji, Tanga)

Deni hilo mzizi wake si usajili wa wachezaji. Mwaka 2005 familia ya Glazer kutoka Marekani iliinunua United kwa takriban pauni milioni 790, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya kukopa. Mikopo mingi iliwekewa dhamana mali za klabu yenyewe, kisha ikabebeshwa klabu. United, ambayo kabla ya hapo haikuwa na deni, ikajikuta inalipia gharama za kununuliwa kwake. Tangu hapo sehemu ya viingilio, ya mauzo ya jezi na ya haki za matangazo imekuwa ikienda kulipa riba badala ya kujenga kikosi au kukarabati Old Trafford.

Mwaka 2012 baadhi ya hisa ziliuzwa kwenye soko la hisa la New York, dola 14 kila moja. Wapo mashabiki waliodhani sasa watapata sauti. Lakini hisa zilikuwa za madaraja mawili: daraja A, lililouzwa kwa umma, lina kura moja kwa kila hisa, daraja B, lililobaki kwa familia, lina kura kumi. Hata tajiri wa Uingereza Jim Ratcliffe aliponunua zaidi ya robo ya klabu mwaka 2024 alikabidhiwa usimamizi wa masuala ya mpira, ila kura nyingi zilibaki kwa Glazer. Ndiyo maana nawasihi watu waulize habari za kura kabla ya kuuliza mwekezaji ana utajiri kiasi gani.

Bayern Munich nayo ina makampuni makubwa ndani yake. Mbona mashabiki wa Ujerumani bado wanasema klabu ni yao? (Msomaji, Dodoma)

Wanasema kweli. Mwaka 1998 klabu za Ujerumani ziliporuhusiwa kuzigeuza timu zao za kulipwa kuwa kampuni, iliwekwa kanuni inayoitwa 50+1: chama cha wanachama lazima kibaki na zaidi ya nusu ya kura. Bayern chama kina asilimia 75 ya hisa, na Adidas, Audi na Allianz zimegawana 25 iliyobaki, kila moja asilimia 8.33. Zimeleta fedha nyingi, lakini hata zikiungana zote tatu haziwezi kuwashinda wanachama.

Kanuni ina matundu yake. Leverkusen ni ya kampuni ya Bayer na Wolfsburg ni ya Volkswagen, kwa ruhusa maalumu. Leipzig ilitimiza masharti kwenye karatasi tu: wanachama wenye kura ni wachache mno, na ni watu wa karibu na Red Bull, kampuni ya vinywaji iliyoianzisha timu hiyo. Kwangu huko ni kuikwepa kanuni.

Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwanachama wa Simba. Tunaambiwa asilimia 51 ni yetu, lakini sijawahi kuona faida yake. Inanisaidia nini? (Msomaji, Kariakoo)

Marahaba, ndugu yangu. Tuanze na hesabu. Mwaka 2017 Mohammed Dewji alitangazwa mshindi wa zabuni: hisa asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20. Ukipiga hesabu, klabu nzima ilithaminiwa kama bilioni 40.8, pamoja na jina, nembo na historia yote tangu 1936. Msimamo wa serikali ulikuwa kwamba wanachama wasishuke chini ya 51. Yanga nao walibadili katiba yao mwaka 2021 kuelekea mfumo huohuo.

Asilimia 51 usiitazamie kama gawio la kukuletea pesa mfukoni. Klabu za mpira, hata za Ulaya, mara nyingi hazibakiwi na faida ya kugawana. Ulichonacho ni haki ya kuamua, na haki hiyo inategemea karatasi. Kama daftari la wanachama halieleweki, nani atathibitisha kura zimehesabiwa sawasawa? Kama hesabu zilizokaguliwa haziletwi mkutano mkuu, mnaamua kwa kuangalia nini?

Kuna swali moja ningekuomba ulipeleke mkutanoni, nalo linafaa kwa klabu yoyote: mabilioni anayotoa mwekezaji kila msimu yameandikwa vipi kwenye vitabu? Yakiingia kama mtaji wa hisa, yamekaa ndani ya klabu na hakuna wa kuyadai. Yakiingia kama udhamini au zawadi, yametumika na yamekwisha. Yakiingia kama mkopo, yanasubiri siku mtakapokosana. Mshambuliaji ni yuleyule, mapokezi ya uwanja wa ndege ni yaleyale, lakini tofauti ya maandishi ni kubwa mno. Chelsea ilikuwa inadaiwa takriban pauni bilioni 1.5 na Roman Abramovich, mwenye timu mwenyewe. Alipolazimika kuuza mwaka 2022 alitangaza kwamba hatalidai deni hilo. Usitegemee kila tajiri atamke maneno hayo. Sisemi Simba wana mkopo wa aina hiyo. Nasema mwenye 51 ana haki ya kuonyeshwa.

Azam FC mbona hawana kelele za uchaguzi? (Msomaji, Mbagala)

Kwa sababu haikuanza kama klabu ya wanachama. Ni timu ya kundi la makampuni ya Bakhresa, ina uwanja wake Chamazi, na maamuzi yanafanyika haraka kama kwenye kampuni yoyote. Shabiki anapata utulivu, ila hana kura. Kinachonikereketa mimi ni kwamba kampuni dada, Azam Media, ndiyo yenye haki za kurusha ligi, kwa mkataba wa miaka kumi wa mwaka 2021 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo zimezisaidia sana klabu ndogo. Bado, mlipaji mkuu wa ligi kuwa ndugu wa timu mojawapo ni jambo la kuwekewa taratibu zilizo wazi.

Chelsea wamenunua wachezaji kwa pesa za ajabu tangu 2022. Hiyo sheria ya matumizi iko wapi? (Msomaji, Nairobi)

Ipo, inaweka kikomo cha hasara ambayo klabu inaruhusiwa kupata, na walicheza na hesabu zake. Ada ya uhamisho haiandikwi yote mwaka ule wa usajili. Inagawanywa kwa miaka ya mkataba. Mchezaji wa pauni milioni 100 kwa mkataba wa miaka mitano ni gharama ya milioni 20 kila mwaka. Mpe mkataba wa miaka minane, inashuka hadi 12.5. Hapo ndipo ilipotoka ile mikataba mirefu ya kina Enzo Fernández na Mykhailo Mudryk. UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, ilipoona hivyo ikaweka ukomo mwaka 2023: refusha mkataba utakavyo, lakini ada inagawanywa kwa miaka isiyozidi mitano. Ligi Kuu ya Uingereza ikafuata.

Upande wa pili wa hesabu ndio unaoumiza. Mchezaji aliyelelewa na klabu hana ada ya kugawanywa, kwa hiyo akiuzwa karibu bei yote inaandikwa faida. Mason Mount, aliyelelewa Chelsea tangu utotoni, aliuzwa United mwaka 2023. Mfumo unaofanya kijana wa nyumbani awe wa kwanza kupelekwa sokoni una kasoro, na wanaoandika kanuni waitazame.

Nafundisha vijana mpira, sina udhamini. Kuna namna kituo changu kitafaidika na biashara hii? (Kocha, Bukoba)

Ipo, kocha, na wengi wenu mnaipoteza. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada, mchezaji mwenye mkataba anapouzwa nchi nyingine, igawiwe waliomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada. Kuanzia 16 ni 0.5. Chukua kijana uliyekaa naye misimu mitatu, miaka 13 hadi 15. Akija kuuzwa kwa euro milioni 2, mgawo wako ni euro 15,000. Na akiuzwa tena nje, unalipwa tena.

Sharti ni kumbukumbu. Tangu mwishoni mwa 2022 FIFA inapitisha malipo haya kwenye mfumo wake maalumu, unaosoma pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya klabu alikosajiliwa. Kituo kisichotambuliwa na TFF hakitaonekana humo, hata kijiji kizima kikishuhudia kwamba ulimlea. Anza na chama cha mpira cha mkoa wako, sajili kituo, kisha sajili kila kijana kwa jina na tarehe ya kuzaliwa inayolingana na cheti chake, na utunze nakala.