Ufunguo wa choo uliofungwa kwenye kipande cha ndala

Mwaka wa nane huu nakaa kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Malindi, na ukiniuliza nini kimenichosha, sitakutajia saruji wala wateja wa kukopa. Nitakutajia ufunguo wa choo. Umefungwa kamba kwenye kipande cha ndala ya buluu usipotee, na huning'inia kwenye msumari nyuma ya kiti cha tajiri. Ukitaka kwenda msalani unanyoosha mkono juu ya bega lake, na kila mtu dukani, mpaka hamali aliyefuata nondo, anajua unakwenda wapi.

Nilivumilia mpaka nilipoandikiwa Lasix, kidonge cha kukojoza, kwa ajili ya moyo na miguu iliyokuwa ikivimba. Anayekitumia anakijua. Ndani ya saa moja kishaanza kazi, saa ya pili kinakimbiza, na hakitulii mpaka saa kama sita zipite. Nilikuwa nakimeza saa moja asubuhi, duka linafunguliwa saa mbili. Piga hesabu mwenyewe.

Siku moja, safari ya tatu na saa nne haijagonga, tajiri akasema mbele ya wateja: "Dada, leo umekuja kazini au umekuja chooni?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Hapo nikaanza ujinga ambao nawaomba msiuige. Nikawa sinywi maji tangu alfajiri, na hiyo ni kaskazi, joto la Januari. Siku nyingine naruka kidonge. Miguu ikavimba mpaka viatu vikanikataa, mkojo ukaunguza, kliniki wakanikuta na maambukizi. Na siku moja sikuwahi. Baibui ni jeusi, halikusema kitu, lakini kanga niliyoikalia iliroa, na adhuhuri ikanipita kwa ajili ya najisi.

Aliyenifungua macho ni sista wa kliniki. Nilidhani ni lazima nimwage ugonjwa wangu wote kwa tajiri. Si tumelelewa na "mficha uchi hazai"? Sista akasema tajiri hana haja ya kujua moyo wangu una nini, ila ninahitaji nini. Barua niliyopewa ilikuwa mistari mitatu: yuko kwenye matibabu, aruhusiwe kwenda msalani wakati wowote bila kusubiri, anywe maji kazini. Jina la ugonjwa halikuwamo. Ipige kopi. Yangu ya kwanza "ilipotea" dukani ndani ya wiki.

Nilimuuliza pia daktari kama kidonge kinaweza kusogezwa. Akakirudisha alfajiri, nikishaswali, kwa hiyo duka likifunguliwa kishindo kimepungua. Usijisogezee mwenyewe lakini, maana dawa nyingine zina saa zake.

Kwa tajiri usiende ukiwa umebanwa, utaongea kwa hasira. Mimi nilimfuata jioni, mahesabu yamefungwa, dukani hamna mtu, na swali lake nilikuwa nimeshalijibu: nani atakaa kaunta? Nilikubaliana na kijana wa stoo. Nafunga droo ya pesa, naondoka na ufunguo wake, yeye anasimama tu, hauzi. Dakika nne. Kumbe tajiri alichokuwa anaogopa ni droo, choo hakikuwa na neno. Nikaomba na ufunguo wa pili wa choo, wa kukaa mfukoni mwangu. Akanichongeshea.

Sheria niliiweka akiba, sikuitaja. Ila ijue. Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 52, inamtaka mwajiri awe na vyoo vya kutosha na visafi, vya wanawake mbali na vya wanaume. Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ujauzito au ulemavu, na cha 46 kinasema kumlalamikia mwajiri kwa haki si sababu ya kufukuzwa. Tajiri mkorofi ndiye wa kusomewa hivyo, naye umpeleke kwa maafisa wa usalama na afya kazini.

Kile kipande cha ndala bado kipo msumarini. Juzi binti wa upande wa rangi, mimba ya miezi saba, aliniuliza chinichini barua ile inaandikwaje. Nimefunika jina langu kwa karatasi, nikampigia kopi.