Picha katupia mteja, simu napigiwa mimi

Tovuti yangu ni ndogo tu. Wenye nyumba za wageni, kuanzia Mwanjelwa mpaka Matema, wanajiandikisha, wanaweka bei zao na kutupia picha wenyewe. Mimi nakusanya ada ya mwezi na kuhakikisha kurasa zinafunguka. Siku zote niliamini kwamba picha ni mzigo wa aliyeiweka.

Kisha akanipigia mpiga picha wa Iringa. "Kamwene, kaka," alianza kwa upole kabisa, "hiyo picha ya maua ya Kitulo iliyoko kwenye tovuti yako nimeipiga mimi." Mwenye nyumba mmoja hapa Mbeya mjini alikuwa ameiokota mtandaoni akaiweka kwenye tangazo lake, utadhani maua yale yameota nyuma ya jiko lake. Nikamjibu kama ambavyo wengi wetu tungejibu: sikuiweka mimi, mtafute mwenyewe. Nikakata simu, nikaendelea na chai.

Wiki iliyofuata tovuti haikufunguka. Seva ninayokodi, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti yangu, iko Marekani, na yule bwana hakuhangaika tena na mimi, aliiandikia kampuni yenye seva. Siku mbili nzima nilikuwa napokea simu za wateja wanaouliza kama nimefilisika.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Marekani wana sheria ya hakimiliki mtandaoni ya mwaka 1998 inayoitwa DMCA, na kifungu chake cha 512 kinampa mwenye tovuti ambayo watu wengine wanapakia vitu vyao kinga ya kutodaiwa fidia kwa walichopakia. Kinga hiyo ina masharti. Usiwe unajua kwamba kitu ni cha wizi, na ukijulishwa ukiondoe haraka. Uwe na utaratibu wa kuwafungia wanaorudiarudia. Uwe pia umesajili kwenye Ofisi yao ya Hakimiliki mtu wa kupokea malalamiko, usajili unaohuishwa kila baada ya miaka 3. Ada yake ilikuwa dola 6, yaani pesa ya kula chipsi kuku mara chache. Sikuwa nimetimiza hata sharti moja. Kampuni ya seva inaishi chini ya kinga hiyohiyo, kwa hiyo barua ikiwafikia wanazima kwanza, maswali baadaye. Usiwalaumu. Kule mahakama inaweza kutoza fidia ya kati ya dola 750 na 30,000 kwa kazi moja iliyosajiliwa, na hadi 150,000 ikionekana ulikusudia.

Usijidanganye kwamba ukihamishia seva Dar es Salaam umepona. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo haikulazimishi kukagua kila kinachopakiwa, lakini inataka ukishajua kuna kitu kisicho halali ukiondoe. Ile simu ya Iringa ndiyo iliyonifanya nijue. Kabla ya simu ningeweza kujitetea, baada ya simu nilikuwa mtu aliyeambiwa akaenda kunywa chai.

Kuna wanaosema picha ambayo haijasajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya hapa nchini, ni ya wote. Si kweli. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi inalindwa tangu inapotengenezwa, na usajili unakusaidia tu kuthibitisha kwamba ni yako. Tanzania pia imo tangu 1994 kwenye Mkataba wa Berne, ambao nchi wanachama wanalindiana kazi za watu wao, kwa hiyo hata Mfaransa aliyepanda mlima akapiga picha Ziwa Ngosi ana haki yake hapa.

Sasa sehemu inayonitia aibu. Mteja aliiweka picha kwenye tangazo lake tu. Aliyeiona ni nzuri akaipandisha ukurasa wa mbele ni mimi. Aliyekata kona ya chini, ambako jina la mpiga picha lilikuwa limeandikwa kwa herufi nyepesi, kwa sababu "linaharibu mwonekano," ni mimi vilevile. Hapo sikuwa tena mtu wa kuhifadhi vitu vya wengine, nilikuwa mchapishaji. Mwaka 2017 huko Marekani, kampuni ya picha iitwayo Mavrix ilipambana na LiveJournal, tovuti ambayo ilikuwa na wasimamizi waliokuwa wakipitia picha za watumiaji kabla ya kuziruhusu. LiveJournal ilikuwa imeshinda mwanzoni, lakini mahakama ya rufaa ikatengua ushindi huo: wasimamizi wale huenda wanahesabika kuwa mikono ya tovuti yenyewe, na kama ndivyo, kinga inatetereka. Mimi sikuwa hata na wasimamizi wa kusingizia. Na kuondoa jina la mtu kwenye kazi yake ni kosa jingine kabisa, hapa na kule.

Siku hizi ukurasa wa mbele una picha nilizopiga mimi au nilizolipia, na risiti ninazo. Anayejiandikisha anathibitisha kwamba picha ni zake au ana ruhusa. Tamko hilo halinikingi na mwenye picha, lakini linanipa pa kumshikia mteja. Namba ya malalamiko iko chini ya kila ukurasa. Mtu akilalamika naficha picha kwanza, ndipo namwandikia aliyeiweka, maana wapo pia wanaolalamikia picha zisizo zao ili kumkomoa jirani anayewazidi wageni. Tarehe na saa za kila kitu naandika kwenye daftari. Ndiyo, daftari la karatasi.

Mpiga picha nilimpigia mwenyewe nikamwomba radhi, tukaelewana bei, nikamlipa kwa M-Pesa jioni ileile. Mwenye nyumba ya wageni akatoka uani kwake na simu, akapiga picha ya kuku wawili na tanki la maji. Tangazo lake lina picha hiyo mpaka leo.